Kiporo cha Ulimwengu: Kutoka Holmdel hadi Nkombo

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuona jarida la Idara ya Kiswahili likiacha ngeli, vitenzi na ushairi na kuanza kuzungumzia anga. Tunaomba watuvumilie. Makala haya ni ya historia, lakini mwishoni mwake limo swali la istilahi ambalo ni letu sisi walimu na wanafunzi wa lugha, wala wanafizikia hawawezi kulijibu peke yao. Swali lenyewe ni hili: ile nuru kongwe kuliko zote, ambayo wataalamu wameitumia kukadiria umri wa ulimwengu, tuiiteje kwa Kiswahili?

Tunaanzia Nkombo. Kisiwa hiki kiko kusini mwa Ziwa Kivu, katika Wilaya ya Rusizi, sehemu ambayo watu wa makamo bado huiita Cyangugu. Ng'ambo yake ni Kongo. Wakazi wengi wa Nkombo husema Kinyarwanda pamoja na lugha iliyo karibu na zile za Wahavu na Washi wa upande wa pili, na Kiswahili huwafikia kwa biashara ya Bukavu. Ni watu wa ziwa, wavuvi wa sambaza, ambao huvua usiku kwa taa na hupata kidogo mbalamwezi inapowaka, kwa kuwa samaki hawaifuati taa wakati anga zima lina mwanga.

Tarehe 27 Februari 2019, roketi ya Soyuz iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikiwa imebeba setilaiti sita za kwanza za kampuni ya OneWeb. Moja kati ya hizo ilipewa jina la Kinyarwanda, Icyerekezo, na jina hilo lilitoka kwa wanafunzi wa Nkombo. Shule yao, Groupe Scolaire Saint-Pierre, ndiyo iliyotajwa kuwa ya kwanza kuunganishwa na intaneti kwa njia hiyo. Kampuni yenyewe ilipata misukosuko baadaye: iliomba kinga ya ufilisi mwezi Machi 2020, ikanunuliwa na serikali ya Uingereza pamoja na kampuni ya Bharti ya Uhindi, na mwaka 2023 ikaungana na Eutelsat ya Ufaransa. Sisi tunavutiwa zaidi na jina. Mwanafunzi wa Kiswahili halihitaji kamusi: icyerekezo na kielekezo ni ndugu wa tumbo moja, ngeli ile ile, mzizi ule ule wa kuelekea na kuelekeza, ingawa huko Rwanda maana yake imepanuka hadi kuwa dira au maono ya mbele.

Sasa, dishi linaloelekezwa angani halichagui cha kupokea. Hupokea ishara ya setilaiti, na pamoja nayo hupokea kelele: ya ardhi, ya hewa na ya nyaya zake lenyewe. Ndani ya kelele hiyo kuna sehemu ndogo isiyotoka ardhini, wala kwenye jua, wala kwenye nyota yoyote. Hiyo ndiyo tunayoizungumzia. Wale waliotazama televisheni za zamani, kabla ya mitambo ya dijitali, waliwahi kuiona bila kujua, kwani katika zile chenga zilizojaa kwenye kioo kituo kilipokosekana, sehemu kidogo ilitokana nayo.

Iligunduliwa kwa antena ya mawasiliano. Jambo hili tunalisisitiza kwa sababu vitabu vya shule hulipita haraka, kana kwamba elimu ya nyota hutoka kwa watu wa nyota tu. Mwaka 1959 maabara ya kampuni ya simu ya Bell ilijenga Holmdel, jimbo la New Jersey, Marekani, antena kubwa yenye umbo la pembe, urefu wake mita 15 hivi. Ilikusudiwa kupokea ishara zilizoakisiwa na Echo, puto la kung'aa lenye kipenyo cha mita 30 lililorushwa angani tarehe 12 Agosti 1960. Yaani lengo lilikuwa lile lile la Icyerekezo: watu wa mbali wasikilizane kwa kupitia juu.

Mhandisi mmoja wa hapo, Edward Ohm, alijumlisha kelele zote za mtambo huo, akachapisha hesabu yake mwaka 1961. Alipata digrii zipatazo 3 zaidi ya alizotarajia. Hakuzifuatilia. Tofauti hiyo iliingia ndani ya makosa ya kawaida ya kipimo, na mhandisi anayetaka simu isikike ana haki ya kuendelea na kazi.

Miaka mitatu baadaye antena ilikuwa imepata nafasi, na vijana wawili wakaruhusiwa kuitumia kwa elimu ya nyota. Mmoja ni Robert Wilson, mtoto wa Texas. Mwingine ni Arno Penzias, aliyezaliwa Munich mwaka 1933 na kuondolewa Ujerumani mwaka 1939 akiwa mtoto mdogo, katika misafara iliyowaokoa watoto wa Kiyahudi. Nao wakazikuta digrii zile zile. Tofauti yao na Ohm ni kwamba wao hawakuweza kuziacha, kwani kazi waliyoikusudia ilidai sifuri iliyo safi. Wakaigeuza antena kila upande: kelele ikabaki vile vile. Usiku, mchana, kiangazi, baridi, vile vile. Wakashuku jiji la New York, sivyo. Wakashuku viungio vya bati, wakavifunika kwa utepe wa alumini. Ndani ya pembe wakakuta njiwa wawili waliojenga kiota na kuipaka kuta uchafu wao, ambao Penzias aliutaja kwa istilahi ya kihandisi yenye adabu nyingi kiasi kwamba asiyejua angedhani ni aina ya rangi. Njiwa walikamatwa wakapelekwa mbali, wakarudi, mwisho wakapigwa risasi. Kuta zikasafishwa. Kelele ikapungua kidogo mno, na zile digrii zikabaki pale pale.

Wakati huo huo, chini ya kilomita 60 kutoka hapo, katika Chuo Kikuu cha Princeton, Robert Dicke na wenzake walikuwa wanajenga chombo cha kuitafuta kelele hiyo hiyo. Kijana wao mmoja, James Peebles, alikuwa amekwisha kupiga hesabu kwamba ikiwa ulimwengu ulianza kwa joto kali, basi lazima joto hilo liwe limeacha kitu, na kitu hicho kiwe kinapatikana pande zote za anga. Habari ilimfikia Penzias kwa mdomo wa mwenzake Bernard Burke. Akapiga simu Princeton. Dicke aliposhusha mkono wa simu aliwaambia wenzake kuwa wamewahiwa. Makala mawili yakatoka pamoja mwaka 1965, moja la kila upande. Lile la Holmdel halikuzidi kurasa mbili, na kichwa chake kinazungumzia joto la ziada la antena tu. Neno ulimwengu halimo ndani ya kichwa hicho. Penzias na Wilson walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Peebles alisubiri hadi 2019.

Hata hivyo wazo halikuzaliwa Princeton, na hapa historia inapita karibu zaidi na nyumbani kuliko tunavyodhani. Aliyelitoa kwanza ni padri Mbelgiji, Georges Lemaître, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka 1927 alionyesha kuwa ulimwengu unapanuka. Mwaka 1931 akasema kuwa kama unapanuka, basi zamani ulikuwa umebanwa pamoja, na akauita mwanzo huo atomu asilia. Miaka hiyo Rwanda ilikuwa chini ya Wabelgiji, na mapadri walikuwa ndio walimu wa shule zake. Lemaître aliamini kuwa mwanzo ule lazima ulibakiza dalili, akazitafuta katika miale ya kosmiki. Hazikuwamo humo. Lakini alikufa Juni 1966 baada ya kuletewa kitandani habari ya ugunduzi wa Holmdel, na ni wachache kati ya wenye mawazo makubwa waliobahatika hivyo.

Baada yake walikuja George Gamow na wenzake. Mwaka 1948 Ralph Alpher na Robert Herman walipiga hesabu wakasema masalia ya joto la mwanzo yatakuwa digrii 5 hivi juu ya sifuri halisi. Hesabu hiyo ilichapishwa, ikasomwa, ikasahauliwa. Zamani zaidi, mwaka 1941, Andrew McKellar wa Kanada alikuwa ameona kuwa molekuli fulani zilizo kati ya nyota zina joto la digrii 2.3 na hakuna aliyejua linatoka wapi. Kwa hiyo kabla ya 1965 jambo hili lilikuwa limetabiriwa, limepimwa kwa namna moja, likapimwa tena na Ohm, na bado halikujulikana. Mwalimu wa fasihi simulizi hatashangaa sana: maneno yakikosa msimulizi wa kuyaunganisha, hubaki vipande.

Tueleze sasa kitu chenyewe, kwa kadiri walimu wa lugha tunavyoweza.

Mtu wa Nkombo anayeamka alfajiri anaujua ukungu wa ziwa. Ukilala juu ya maji, nuru ipo, kwa maana si giza. Ila haionyeshi kitu. Kila upande ni weupe mtupu. Matone madogo ya maji huipokea nuru na kuitawanya ovyo, hata usijue ng'ambo iko wapi. Ulimwengu nao, kwa miaka ipatayo 380,000 ya mwanzo, ulikuwa ndani ya ukungu wa namna hiyo. Ulikuwa na joto kali hata atomu zisiweze kushikamana. Elektroni zilitangatanga, na nuru haikwenda hatua mbili bila kugongana nazo. Ulipopanuka na kupoa hadi digrii 3,000 hivi, elektroni zikashikwa na viini, ukungu ukainuka, na nuru ikaenda zake moja kwa moja. Nuru hiyo bado inasafiri. Tangu hapo ulimwengu umepanuka mara 1,100 hivi, na mawimbi ya nuru yamevutwa kwa kiasi hicho hicho, yakawa marefu kiasi kwamba jicho haliyaoni tena. Joto lake nalo limeshuka kutoka 3,000 hadi 2.7, ambalo ni kama nyuzi 270 chini ya sifuri ya Selsiasi. Katika anga za juu, kila sentimita moja ya ujazo ina chembe zipatazo 400 za nuru hiyo.

Mfano wetu wa ukungu una upungufu mmoja ambao hatutaki kuuficha. Ukungu wa Kivu una mahali; ukishapanda mtumbwi ukauacha nyuma, umeuacha. Ule wa mwanzo ulikuwa kila mahali, pamoja na hapa tulipo. Ndiyo maana nuru yake hutufikia kutoka pande zote sawasawa, na ndiyo maana kuigeuza antena ya Holmdel hakukusaidia kitu.

Yaliyofuata ni historia ya vipimo kuwa vikali zaidi, na hatutaisimulia yote. Chombo COBE kilirushwa Novemba 1989, kikapata joto la digrii 2.725, na mwaka 1992 kikaonyesha kuwa nuru hiyo ina tofauti ndogo mno kati ya upande na upande, kiasi cha sehemu moja katika 100,000. Tofauti hizo ndizo mbegu za galaksi: penye uzito kidogo zaidi, vitu vilikusanyika. John Mather na George Smoot walipewa Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2006. WMAP ikafuata mwaka 2001. Kisha tarehe 14 Mei 2009, kutoka Kourou hiyo hiyo ambako Icyerekezo ingerushwa miaka kumi baadaye, ikarushwa Planck ya Ulaya. Kutokana na ramani zake tunaambiwa kuwa ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, na kwamba vitu vya kawaida, yaani maji, mawe, nyota na sisi wenyewe, ni kama asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo. Zilizobaki zimepewa majina, lakini hakuna anayejua ni nini.

Kuna wanafunzi husema historia hii yote ni ya Wazungu na lugha zao. Tunawajibu kwa neno moja: Uhuru. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya kujitawala, roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa la chuma lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Warushaji walikuwa Waitalia wa kundi la Profesa Luigi Broglio, na setilaiti ilikuwa ya Wamarekani, ya kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani tu. Marjorie Townsend wa NASA, msimamizi wa mradi, aliiita Uhuru kwa heshima ya wenyeji na ya siku yenyewe. Orodha ya nne ya setilaiti hiyo ina vyanzo 339 vya eksirei, na hadi leo vingi kati ya hivyo hutajwa kwa alama 4U. Hiyo U ni herufi ya kwanza ya neno letu, au tuseme la Waarabu kwa mzizi na letu kwa kiambishi.

Uhuru haikupima nuru ya mwanzo. Ilichofanya ni kuonyesha kuwa makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Huko Urusi, Rashid Sunyaev na Yakov Zeldovich walikuwa wanaeleza miaka hiyo hiyo kwamba nuru kongwe ikipita ndani ya gesi kama hiyo itasukumwa kidogo na kuacha kitu kama kivuli. Kivuli hicho kilikuja kuonekana kweli, na Planck ilitumia njia hiyo kutambua zaidi ya makundi elfu moja ya galaksi. Kwa hiyo neno la Kiswahili limo katika historia hii tangu 1970. Limeingia, lakini kama jina la pekee. Majina ya kawaida, yale ambayo mwalimu huyahitaji darasani, ndiyo bado.

Na hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Kiswahili nchini Rwanda kwa muda mrefu kilionekana ni lugha ya soko, ya kambi na ya mitaa fulani ya mijini. Kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, miaka kumi baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sheria hutoa cheo, haitoi msamiati. Mwanafunzi wa Nkombo anayeweza kununua na kuuza Bukavu kwa Kiswahili, na ambaye shule yake imeipa setilaiti jina, akiambiwa kuwa kwa lugha hiyo hawezi kuuliza ulimwengu ulianzaje, ataamini wale waliosema ni lugha ya soko.

Turudi basi kwenye swali letu. Istilahi inayojitokeza mara nyingi ni mnururisho wa mandharinyuma, tafsiri ya moja kwa moja ya Kiingereza. Haina kosa la sarufi. Lakini mandharinyuma ni pazia la mchezo wa kuigiza au kile kilicho nyuma ya mtu katika picha. Kwa Kiingereza neno hilo lilitoka kwa wahandisi, kwa maana ya kelele inayobaki ukishaondoa unachokitaka. Ni neno la Ohm, la kabla ya ugunduzi. Linamweleza mtu mahali nuru ilipo kwenye chombo, si ilikotoka. Warusi huiita nuru ya masalia. Sisi tunaona Warusi wameshinda, na Lemaître angekubaliana nao.

Kwa Kiswahili tunapendekeza mnururisho masalia, bila kiunganishi. Tukisema mnururisho wa masalia, msikilizaji anaweza kudhani kuna masalia fulani yanayotoa miale, kama urani inavyotoa. Tukiyaweka majina mawili bega kwa bega, kama lugha mama au askari kanzu, tunasema kwamba mnururisho wenyewe ndio masalia. Wanaotaka neno la nyumbani tunawapa kiporo: kilipikwa jana, kilikuwa cha moto, kimelala, kimepoa, na ukikionja unajua jana kulikuwa na mapishi. Hatuliweki katika kamusi, maana watu wa mpira wamekwisha kulichukua kwa mechi zilizoahirishwa, lakini darasani linafanya kazi kubwa.

Bado kuna lile neno la katikati. Mawimbi mafupi hayafai, kwa sababu wasikilizaji wa redio wanajua masafa mafupi ni kitu kingine, chenye mawimbi ya makumi ya mita, ilhali haya tunayoyasema ni ya milimita na sentimita. Mawimbi mikro yanafaa. Wengine wanapenda maikrowevu, nasi hatuwakatazi, ila ukilitamka Kamembe watu wote watafikiria kile kisanduku cha umeme cha jikoni. Nacho kinatumia mawimbi ya jamii hiyo hiyo, ya sentimita 12 hivi, na kazi yake kubwa katika nyumba nyingi ni kupasha kiporo.